Uliza Fundi wa Mtandao: Kadi iliyofichwa chini ya godoro

*Kaka Fundi, shikamoo. Mimi mwenyeji wa Tanga, Makorora, ila huu mwaka wa tisa niko Minneapolis, Marekani, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wiki iliyopita nimekuta kadi kwenye sanduku la posta, ngumu kama ya mwaliko wa harusi, jina langu limeandikwa sawasawa. Inasema hospitali niliyokuwa nikitibiwa ilishitakiwa kwa sababu tovuti yake ilikuwa ikipeleka habari za wagonjwa Facebook. Sasa wamepatana kulipa, na mimi naruhusiwa kudai. Kuna namba ya madai na tarehe ya mwisho. Mume wangu kasema ni matapeli, nitupe. Sikutupa, nimeificha chini ya godoro.*

*Nikwambie kwa nini. Miaka mitatu nyuma nilikuwa natafuta mtoto na sikutaka mtu ajue. Usiku, nikitoka zamu, niliingia kwenye tovuti ya ile hospitali kwa simu, nikasoma habari za uvimbe kwenye kizazi, nikachagua daktari, nikaomba miadi hapohapo. Siku chache baadaye Facebook yangu ikajaa matangazo ya kliniki za uzazi. Wifi yangu (dada wa mume, siyo ile ya intaneti) alishika simu yangu aangalie picha za harusi ya nyumbani, akaniuliza mbele za watu: "Mbona wewe unaletewa haya?" Mpaka leo sikumbuki nilijibu nini.*

*Nauliza: kadi ni ya kweli? Siri yangu hospitali iliiuza kwa kiasi gani? Na nikidai, makaratasi yangu ya ukaazi hayatapata mushkeli?*

*Mama Asiyetajwa, Minneapolis*

Marahaba, dada. Mimi mtoto wa Ngamiani, kwa hiyo tukihesabu vizuri huenda tumewahi kusimama foleni moja ya mkate wa mofa. Kwanza itoe hiyo kadi ulikoificha. Ina tarehe ya mwisho, na godoro halijui tarehe.

Mumeo kushuku hajakosea, maana wapo wanaoiga kesi za kweli ili wale. Lakini kesi ya kweli ina alama. Kadi itataja mahakama kwa jina lake, itatoa namba ya kesi, na itakuelekeza mahali hati zilipowekwa wazi usome. Usianze na namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi. Tafuta bili yako ya zamani, piga namba ya hospitali iliyo pale, uliza. Au piga kwa karani wa mahakama iliyotajwa, umsomee namba ya kesi. Anayelipa fidia hakuombi ada ya kufungulia faili wala namba yako ya siri ya benki. Akiomba hata dola 1, basi mumeo kashinda, tupa.

Hilo limekwisha. Swali lako la pili ndilo lililonikalisha macho, kwa sababu jibu lake linanigusa na mimi.

Umeuliza siri yako iliuzwa kwa kiasi gani. Dada, kesi hizi za hospitali ukizisoma, hukuti mahali hospitali ilipopewa pesa kwa jina la mgonjwa. Walitoa bure. Walichopata wao ni hesabu ya watu walioingia kwenye tovuti, na matangazo yanayolenga vizuri zaidi. Ningekuwa mimi mgonjwa, bora ingeuzwa. Angalau ningejua kuna mtu aliyeiona ina thamani.

Inakuwaje? Kuna kijipande cha msimbo kinachoitwa pikseli. Jina limetokana na kinukta kimoja cha picha, kidogo kiasi kwamba jicho halikioni. Meta, wenye Facebook, humpa bure yeyote mwenye tovuti. Fundi anakinakili, anakibandika sehemu ya juu ya ukurasa, kazi ya dakika 5. Tangu hapo, kila mtu akifungua ukurasa ule, simu yake mwenyewe, wala si kompyuta ya hospitali, inapeleka habari Meta: ukurasa gani umefunguliwa, kitufe gani kimebofywa, saa ngapi, kutoka anwani ipi ya intaneti. Na kama kwenye kivinjari hichohicho umewahi kuingia Facebook ukaacha bila kutoka, kuna kidakuzi (cookie, kijifaili kinachoachwa kwenye kivinjari) kinachobeba namba ya akaunti yako. Hapo hakuna haja ya kuandika jina. Ile namba ndiyo wewe.

Na anwani ya ukurasa huwa inajieleza yenyewe. Ukurasa wa uvimbe wa kizazi una maneno "uvimbe wa kizazi" kwenye anwani yake. Juni 2022 waandishi wa The Markup, chombo cha habari cha Marekani kinachochunguza mambo ya teknolojia, walipekua tovuti za hospitali 100 ambazo jarida la Newsweek lilizitaja kuwa bora nchini humo. Pikseli ya Meta waliikuta kwenye 33. Kwenye tovuti ya hospitali moja ya Cleveland, mtu akibofya kitufe cha kuomba miadi, Meta ilipelekewa maandishi ya kitufe, jina la daktari, na maneno aliyotumia mgonjwa kumtafuta daktari huyo. Maneno hayo katika mfano wao yalikuwa ya kutoa mimba. Habari ilitoka siku chache tu kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijaiondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, kwa hiyo unaweza kukisia watu walivyoisoma.

Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa kata imefungwa uzi, na mwisho wa uzi umeshikwa na mtu aliye California, kwenye makao makuu ya Meta.

Nije kwenye langu. Mwaka 2017 nilitengeneza tovuti ya kliniki moja ya akina mama hapa Dar es Salaam, jina naliacha. Mwenye kliniki aliniambia maneno ambayo kila mwenye biashara huniambia: "Fundi, nataka nijue tangazo langu linaleta watu au nachoma pesa." Nikabandika pikseli kwenye kichwa cha tovuti, maana yake kila ukurasa, kwa sababu ndivyo maelekezo yalivyosema na ndivyo ilivyo rahisi. Fomu ya miadi ilikuwa na orodha ya kuchagua sababu ya kuja: hedhi isiyo na mpangilio, kutoshika mimba, kutokwa uchafu, kipimo cha VVU. Aliyechagua akatuma, alifikishwa kwenye ukurasa wa kumshukuru, na anwani ya ukurasa huo ilibeba lile alilochagua. Aliyeipanga hivyo ni mimi, ili takwimu zitoke safi. Nikifungua upande wa matangazo nilikuwa naziona zile anwani zimejipanga kama nguo kwenye kamba: kutoshika mimba, kutoshika mimba, VVU, hedhi. Unajua nilichokuwa nawaza? Kwamba jana walikuwa 9 na leo ni 14. Nilikaa hivyo miaka 5, mpaka niliposoma habari za zile hospitali 33.

Ndiyo maana nashindwa kuitukana hospitali yako kama unavyotaka nifanye. Chukua Novant Health, kampuni ya hospitali ya North Carolina. Agosti 2022 iliwaandikia wagonjwa zaidi ya milioni 1.3, ikaeleza kwamba pikseli iliwekwa Mei 2020, Korona ikiwa imeshika kasi, katika kampeni ya kuwavuta watu wajiunge na MyChart, ule mfumo ambamo mgonjwa anaomba miadi, anasoma majibu ya vipimo, anamwandikia daktari. Pikseli ikawa imepangwa vibaya. Kesi waliimaliza kwa dola milioni 6.66. Mimi kuhusu nia nawaamini. Lakini miaka miwili inapita na hakuna hata mtu mmoja aliyefungua akatazama nini kinatoka kwenda nje. Hapo siwatetei, na mimi mwenyewe najihesabu humo.

Kuhusu matangazo aliyoyaona wifi yako, siwezi kukuapia kwamba yalitoka kwenye tovuti ya hospitali. Meta inasema inawakataza watangazaji kuipelekea habari za afya na ina chujio la kuzizuia. Wewe nawe usiku ule hukukosa kupitia Google, na huenda ulisoma na kwingine. Kushika tangazo moja na kuonyesha bofyo lililolizaa ni kazi ngumu hata kwa mawakili wenye wataalamu wao. Ila lipo unaloweza kulitazama. Ingia kwenye mipangilio ya Facebook, tafuta sehemu ya shughuli zako nje ya Meta. Utakuta orodha ya tovuti na programu zilizopeleka habari zako. Ifute, halafu zuia zisiunganishwe tena na akaunti yako. Na mambo ya afya yasome kwenye kivinjari ambacho hujawahi kuingilia Facebook. Wifi akirudia swali lake, mwambie Fundi ana miaka 54, ana ndevu, na bado Facebook iliwahi kumletea sidiria za kunyonyeshea.

Sasa sheria, maana kadi yako itakuwa na sentensi itakayokuudhi: kwamba hospitali inalipa bila kukiri kosa. Marekani kuna HIPAA, sheria ya mwaka 1996 ya kulinda siri za wagonjwa, ile yenye karatasi unayosainishwa kila ukienda kwa daktari mpya. Watu hudhani ndiyo ngao yao. Lakini haimpi mgonjwa nafasi ya kwenda mahakamani mwenyewe. Mwenye kuadhibu ni serikali. Mawakili wakarudi nyuma wakachimbua sheria za kunasa mazungumzo ya simu. Ya shirikisho ni ya 1986. Ya California ni ya 1967, enzi za simu za kuzungusha namba. Hoja yao ni nyepesi kueleweka hata Makorora: nilikuwa nazungumza na hospitali, mtu wa tatu katega sikio ukutani.

Mahakama hazijakubaliana kuhusu ukuta huo. Oktoba 2024 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ilikataa, ikasema haiko wazi kwamba sheria yao ya kunasa mazungumzo ilikusudia pia mtu anayepitia kurasa za tovuti. Agosti 2025, San Francisco, juri ya wananchi wa kawaida ikasema Meta ilivunja ile sheria ya 1967 kwa habari ilizozipata kupitia Flo, programu ambayo wanawake huandikia siku zao za hedhi. Wizara ya afya ya Marekani nayo ilitoa mwongozo Desemba 2022 kuzibana hospitali kuhusu vifuatiliaji hivi. Juni 2024 jaji wa Texas akafuta sehemu yake, ile iliyohusu mtu anayesoma tu kurasa za wazi bila kuingia kwenye akaunti. Ukiwa hospitali, hujui utaangukia kwa jaji gani. Ukiwa wakili wa wagonjwa, hujui pia. Basi wanakaa mezani, wanapatana, na kukiri kunaachwa nje ya karatasi.

Pesa usizipigie hesabu ya kununua kiwanja Pongwe. Jirani zako wa Wisconsin na Illinois, kampuni ya hospitali ya Advocate Aurora Health, walitangaza Oktoba 2022 kwamba huenda watu milioni 3 wameguswa, wakapatana kwa dola milioni 12.225. Gawa mwenyewe: dola 4 na senti kidogo kwa kichwa, kabla mawakili hawajakata chao. Kampuni ya afya ya Kaiser Permanente iliwaarifu watu milioni 13.4 mwaka 2024, na mapatano yake ni ya dola milioni 46 kwa uchache; hapo hata 4 hazifiki. Kinachomsaidia anayedai ni kwamba wengi hufuata ushauri wa mumeo wakatupa kadi, kwa hiyo wachache waliojaza fomu hugawana kilicho kikubwa zaidi.

Kesi za namna hii hufunguliwa kwa niaba ya wagonjwa wote pamoja, kwa hiyo ukikaa kimya, mara nyingi unapoteza vitu viwili kwa pamoja: pesa, na haki ya kuishitaki hospitali peke yako kwa jambo hilohilo. Anayetaka kushitaki kivyake lazima ajitoe kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa. Wewe sikuoni ukienda huko. Jaza fomu.

Na makaratasi yako: fidia hii haitoki serikalini. Siyo msaada wa chakula wala wa nyumba, ni hospitali inamlipa mtu iliyemtibu. Lakini kama faili lako la ukaazi lina mambo yake, muulize wakili anayelijua hilo faili. Mimi ni fundi wa tovuti.

*Fundi, mimi nilidai, nikaletewa hundi. Dola ambazo hazijazi hata tangi la gari nusu. Mawakili wameondoka na mamilioni. Huu siyo wizi wa pili? Dereva, Columbus, Ohio*

Ndugu dereva, ulivyoudhika nakuelewa, ila kumbuka ada ya mawakili lazima jaji aipitishe, na mara nyingi huwa karibu theluthi. Ukiwarudishia wagonjwa hiyo theluthi, bado hujajaza tangi.

Angalia pale ambapo hapakuwa na wakili wa kumlaumu. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha kwa njia ya mtandao, kwa kupeleka habari za wateja kwa Facebook, Snapchat na wengine wa matangazo ilhali iliahidi kuzitunza. Ililipa dola milioni 7.8. Fedha zilipoanza kurudishwa mwaka 2024, watu wa kulipwa walikuwa kama 800,000. Haifiki dola 10 kwa mtu, na huyo ni mtu aliyejaza fomu kwamba ana msongo wa mawazo au amewahi kutaka kujiua. GoodRx, ya kutafutia dawa za bei nafuu, ilitozwa na tume hiyohiyo dola milioni 1.5 mwaka huohuo, na ile ilikuwa faini ya serikali.

Kwa hiyo tatizo lako siyo wakili. Ni kwamba hakuna aliyejua aibu ya mtu ina bei gani, wakachukua fungu wakaligawa kwa idadi ya vichwa. Chenye uzito kwenye kesi za BetterHelp na GoodRx ni amri iliyoandamana na malipo: marufuku kupeleka habari za afya kwa ajili ya matangazo. Hiyo haiingii kwenye akaunti yako ya benki, najua.

*Shikamoo Fundi. Niko mapokezi kwenye kliniki ya meno Arusha. Bosi ameletewa kijana wa matangazo, anataka kuweka hiyo pikseli kwenye tovuti yetu. Hapa kwetu kuna sheria, au hayo ni mambo ya Wazungu?*

Marahaba. Sheria ipo, dada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo inafanya kazi. Jirani zenu wa Kenya wana ya kwao tangu 2019. Habari za afya ya mtu zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, na kwa hizo kimya cha mgonjwa hakihesabiwi kuwa ridhaa. Mwenyewe anatakiwa akubali kwa maandishi. Kuzipeleka nje ya nchi nako kuna masharti yake, na pikseli kazi yake ni hiyo tu, kupeleka nje.

Bosi wako atakujibu kwamba jino siyo siri. Mwulize kama fomu yenu haina mahali pa kuandika ujauzito, kisukari, dawa unazotumia. Fomu zote za meno nilizowahi kutengeneza zinayo, na inastahili, kwa sababu ya ganzi.

Akitaka kuhesabu watu, ahesabu kwenye ukurasa wa mbele, wenye picha ya jengo na ramani ya kufika. Fomu ya miadi iachwe bila pikseli. Na usimtegemee kijana akikwambia ameshaitoa. Fungua ukurasa wa miadi kwenye kompyuta, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kutazama msimbo wa ukurasa, halafu tafuta neno *fbevents*. Ile kliniki yangu ya Dar, siku niliyokwenda kuitoa, niliifuta, nikafunga kompyuta, nikanywa chai na mwenye kliniki. Kesho yake nikatafuta tena kwa wasiwasi tu. Nililikuta sehemu ya pili, chini kabisa ya fomu, nilikokuwa nimelibandika mwenyewe nikasahau.